Baada ya Lango la Buluo: Mfungwa Aliyefunguliwa katika Kumbukumbu za Katanga na katika Fasihi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Kiswahili kina msamiati mpana wa kumwingiza mtu kifungoni. Mtu hukamatwa, hushikwa, huwekwa ndani, hutiwa korokoroni, hupelekwa rumande, hufungwa, hutupwa jela. Mahali penyewe pana majina kadhaa: gereza, neno ambalo wanaisimu hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na ambalo wenyeji wa Mombasa walilitumia kuitaja Ngome ya Yesu, jela, lililotoka katika Kiingereza, na huko Kongo, buloko. Aliye ndani ni mfungwa au mahabusi, na mfungwa aliyewekwa kuwasimamia wenzake ni mnyapara, neno lile lile lililotumika kwa msimamizi wa msafara na wa kibarua cha shambani.

Msamiati huo hukatika ghafla mtu anapolivuka lango kutoka nje. Aliyemaliza kifungo hana jina lake mwenyewe. Huitwa "mfungwa wa zamani" au "mtu aliyewahi kufungwa", yaani hutambulishwa kwa hali ambayo amekwisha kuitoka. Mtumwa aliyepewa uhuru wake alikuwa na jina hapo pwani. Aliitwa huru, au mahuru, na jina hilo lilimpa nafasi katika mji, hata kama nafasi hiyo ilikuwa ya chini. Mfungwa aliyefunguliwa hakupewa jina la namna hiyo.

Makala haya yanachunguza pengo hilo katika fasihi na katika kumbukumbu za umma. Hoja yake ni kwamba sanaa ya Kiswahili, iwe ya maandishi au ya picha, imemtazama mfungwa zaidi kama shahidi wa dhuluma kuliko kama mtu atakayetoka kesho na kutafuta kazi, nyumba na heshima. Kwa sababu hiyo hadithi nyingi husimama langoni. Na zinapolivuka lango, humvusha yule tu aliyefungwa bila hatia. Mfano wa kuanzia ni wilaya ya migodi ya Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, mahali ambapo gereza la Buluo na mgodi wa Shinkolobwe viko katika eneo moja na vimeacha kumbukumbu zinazoingiliana. Kutoka huko mjadala utaelekea kwenye maandishi ya pwani na ya Kenya, kisha utarudi Shinkolobwe, kwa kuwa swali la kazi baada ya kifungo linaonekana wazi zaidi hapo.

2. Gereza na mgodi

Mji wa Likasi uliitwa Jadotville wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Kiasi cha kilomita 20 magharibi yake ndipo ulipo mgodi wa Shinkolobwe. Madini ya urani yaligunduliwa hapo mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuyachimba mwaka 1921, hapo mwanzo kwa ajili ya radi iliyotumiwa katika tiba. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, urani ya Shinkolobwe ilinunuliwa na Wamarekani, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi uliozaa bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapo. Mgodi uliwekwa chini ya siri kali. Waliochimba hawakuambiwa wanachimba nini wala kwa kazi gani.

Katika uchumi wa aina hiyo mstari kati ya kazi na kifungo ulikuwa mwembamba. Dekrii ya mwaka 1922 kuhusu mkataba wa kazi katika Kongo ya Wabelgiji iliruhusu mfanyakazi aliyevunja mkataba aadhibiwe kwa sheria ya jinai. Mtu aliyeikimbia kambi ya kampuni hakuwa mfanyakazi aliyeacha kazi, bali mkosaji aliyestahili kufungwa. Kambi nayo ilipangwa kwa amri: saa ya kuamka, posho, idadi ya wageni, mahali pa kulala. Gerezani mlikuwa na fimbo ya kiboko, na adhabu hiyo haikuondolewa kabisa hadi mwaka 1959, yaani mwaka mmoja tu kabla ya uhuru.

Hali hii inatoa tahadhari muhimu kwa mhakiki. Katika jamii nyingi mfungwa anapotoka, watu humwambia: tafuta kazi, kazi itakurudisha. Ushauri huo unachukua kwamba kazi na gereza ni vitu viwili vinavyopingana. Katika Katanga ya kikoloni havikupingana. Kwa hiyo swali la mtu aliyefunguliwa haliwezi kuwa tu kama amepata kazi. Hapana budi liulizwe pia ni kazi gani, na kazi hiyo humfanya awe nani.

3. Picha za ukutani na kikomo chake

Katika miaka ya 1970, jimbo lilipokuwa likiitwa Shaba, wafanyakazi wa migodi na wa mijini walinunua picha za rangi zilizochorwa na wasanii wa mitaani na kuzitundika sebuleni. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walizichunguza picha hizo na kuchapisha utafiti wao mwaka 1976. Wenyeji, katika Kiswahili chao, walieleza kwamba picha nzuri ni ile iliyo na ukumbusho. Haikutosha ipendeze macho. Ilipaswa imrudishe mtazamaji katika jambo fulani na kumfanya aseme.

Aina moja ya picha hizo ilipata wanunuzi wengi mno. Jina lake lilikuwa la Kifaransa, *Colonie belge*. Inaonyesha ua wa gereza. Wafungwa wamevaa nguo za mistari. Mmoja amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika anamchapa, na ofisa Mzungu amesimama kando akitazama. Wasanii wengi waliichora, kila mmoja kwa mkono wake, na mpangilio ukabaki karibu ule ule. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, aliichora pia, kisha akaenda mbali zaidi: alitengeneza mfululizo wa picha zipatazo mia moja za historia ya nchi yake na kuzieleza kwa Kiswahili mbele ya Fabian katika miaka ya 1973 na 1974. Mazungumzo hayo na picha zake vilichapishwa kitabuni mwaka 1996.

Wahakiki wengi wameisoma *Colonie belge* kama ushahidi wa ukatili wa mkoloni, na wengine wameongeza kwamba katika zama za Mobutu ilikuwa njia ya kuusema uonevu uliokuwapo bila kuutaja. Tafsiri zote mbili ni sahihi. Hata hivyo, zote mbili zinaacha jambo moja. Katika picha hii hakuna anayetoka. Wakati umesimama. Fimbo iko juu daima, mgongo uko chini daima, na lango, linapochorwa, limefungwa. Mtu aliyemaliza kifungo chake, akarudi kwake usiku, akabisha mlango na kungoja kuona nani atamfungulia, hakuwa mada ya picha yoyote iliyoenea kwa kiasi kama hicho.

Na bado mtu huyo yumo, ila si ndani ya fremu. Ili picha itundikwe ukutani, lazima kuwe na ukuta. Ili iwe ukumbusho, lazima kuwe na mtu wa kukumbuka na mwingine wa kuuliza. Mzee anayeketi chini ya picha hiyo na kumwambia mgeni au mjukuu, "Hivi ndivyo ilivyokuwa," ndiye aliyevuka. Ana sebule, ana kiti, ana msikilizaji. Kwa maana hiyo kufunguliwa hakukuchorwa, lakini kulitendwa chumbani kila picha ilipozungumziwa. Hapa ndipo dhana ya ukumbusho inapokuwa na uzito kwa uhakiki wa fasihi: inaonyesha kwamba maisha baada ya kifungo huanza kujengwa pale anayerudi anapopata mtu wa kumsikiliza. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea mdomo na mwili wa aliyekuwapo. Anapofariki, kinachobaki ukutani ni fimbo.

4. Vifungo vitatu vya Lumumba

Hakuna mfungwa aliyechorwa Katanga kuliko Patrice Lumumba. Tshibumba na wenzake walimrudia mara nyingi, mikono imefungwa kamba, askari wakimzunguka. Umaarufu wa picha hizo umefanya isahaulike kwamba Lumumba alifungwa mara tatu, na kwamba vifungo hivyo havifanani.

Cha mwisho ndicho kinachojulikana na wote: alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1960, akawekwa Thysville, akapelekwa Katanga na kuuawa tarehe 17 Januari 1961 mahali ambapo si mbali na barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi. Kutoka kifungo hicho hakutoka. Jino moja, ambalo ndilo lililosalia katika mwili wake, lilirudishwa na Ubelgiji kwa familia yake mwezi Juni 2022.

Cha pili kinahusu Likasi moja kwa moja. Baada ya ghasia za Stanleyville za Oktoba 1959 alikamatwa, na Januari 1960 akahukumiwa miezi sita na kuhamishiwa gereza la Buluo, Jadotville. Alikaa hapo siku chache tu. Wajumbe wa Kongo waliokuwa Brussels katika Mkutano wa Meza ya Duara walidai aachiliwe. Akafunguliwa, akapanda ndege, akafika mkutanoni akiwa na vifundo vya mikono vilivyojeruhiwa kwa pingu. Tarehe 30 Juni 1960 ilikubaliwa kuwa siku ya uhuru. Kifungo hiki hupendwa na wasimulizi kwa sababu kina umbo la ngano: jana shimoni, leo barazani.

Cha kwanza ndicho kinachosimuliwa kwa nadra. Mwaka 1956 Lumumba, aliyekuwa karani wa posta mjini Stanleyville, alikamatwa kwa kuchukua fedha za ofisi, akahukumiwa na kufungwa. Hakuwa mfungwa wa kisiasa. Fedha zilirudishwa kwa msaada wa rafiki zake, adhabu ikapunguzwa, naye akatoka mwaka 1957 akiwa hana kazi na ana doa. Akahamia Léopoldville, mji ambao haukumjua vizuri, akaajiriwa na kampuni ya bia kuuza bia ya Polar. Kazi hiyo ilimtaka azunguke mitaani, aseme na watu, akumbuke majina yao. Oktoba 1958 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Mouvement National Congolais, na Desemba mwaka huo huo alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra. Kitabu alichokiandika gerezani kuhusu mustakabali wa Kongo kilichapishwa mwaka 1961, mwenyewe akiwa amekwisha kuuawa. Wanaokisoma leo hushangazwa na upole wake kwa mkoloni. Kinaonyesha kwamba mtu aliyeingia gerezani hakuwa yule aliyetoka, na wala yule aliyetoka hakuwa bado yule wa mwaka 1960.

Kati ya vifungo vitatu, hiki peke yake ndicho kilichomlazimu kujenga upya maisha. Cha tatu kilimnyima nafasi hiyo. Cha pili hakikuihitaji, kwani nje alingojewa na taifa. Hapa kulikuwa na miezi kadhaa ya mtu mwenye hatia iliyothibitishwa na mahakama, katika mji mgeni, na biashara ya bia. Msanii anayetaka kumtukuza shujaa huiruka miezi hiyo kwa sababu anaona aibu. Lakini kwa mtu aliyefunguliwa Buluo leo kwa kosa la wizi, kifungo cha tatu cha Lumumba humpa cha kuheshimu tu, na cha kwanza humpa cha kufuata.

5. Lango katika maandishi

Kiswahili cha Katanga kilikuwa na maandishi yake. *Vocabulaire de la ville d'Élisabethville* ya mwaka 1965, historia ya mji iliyoandikwa na André Yav kwa ajili ya waliokuwa watumishi wa majumbani, ni mfano wenye thamani kubwa. Hata hivyo riwaya na diwani za Kiswahili kuhusu gereza zimetoka hasa pwani na Kenya. Ni vyema kuona kama zinalivuka lango ambalo picha za Katanga hazikulivuka.

Kitabu cha kwanza cha kutazamwa ni *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na utetezi wake ni masimulizi ya wajumbe sita waliotumwa ng'ambo kutafuta manufaa ya nchi, kila mmoja akarudi na maarifa na kila mmoja akatupwa gerezani. Mwishoni haki inashinda na wajumbe wanafunguliwa. Wasomaji wengi wameridhika na mwisho huo. Lakini swali la msingi la hadithi halijajibiwa: je, maarifa waliyorudi nayo yalitumika? Wajumbe hawakufungwa kwa jambo lolote ila kwa elimu yao. Kuwafungua bila kuwapa nafasi ya kuitumia ni kuwaachia miili na kuacha shauri lao kifungoni. Shaaban Robert alikuwa mtunzi wa maadili, na kwake ushindi wa hoja ulikuwa ndio mwisho wa mambo. Kwa upande wa maisha, huo ulikuwa mwanzo.

Kitabu cha pili ni *Sauti ya Dhiki* cha Abdilatif Abdalla, kilichochapishwa mwaka 1973. Historia yake inajulikana: mtunzi kijana wa Mombasa alifungwa kwa ajili ya waraka *Kenya: Twendapi?*, akatunga mashairi kwa siri gerezani, akatoka mwaka 1972. Wahakiki wamesifu ujasiri wa diwani hii na ufundi wa lahaja ya Kimvita, na wamestahili kufanya hivyo. Hata hivyo, sifa hizo zimejikita katika sauti ya aliye ndani. Shairi liitwalo "N'sharudi" linastahili kutazamwa kwa namna nyingine. Jina lake peke yake ni kauli kamili. Halisemi kwamba mtu ametolewa, kauli ya kutendwa inayomwachia serikali utendaji. Linasema mtu amekwisha kurudi. Mtenda ni yeye, na anayeambiwa ni yule aliyekuwa akimngoja. Kwa neno moja mtunzi amejiondoa katika nahau ya gereza, ambamo kila kitu hutendwa juu ya mfungwa: hufungwa, huhesabiwa, hulishwa, hufunguliwa.

Maisha ya mtunzi huyu baada ya lango yanathibitisha maana ya nahau hiyo. Alipokuwa bado ndani, *Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa* ulichapishwa mwaka 1971 kwa jina lake, na hivyo jina halikufungwa pamoja naye. Alipotoka alikwenda Tanzania, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi mwaka 1979. *Sauti ya Dhiki* ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Baadaye alifanya kazi London, kisha Leipzig. Kilichomwezesha si msamaha wa aliyemfunga. Ni kazi iliyomhitaji kwa sababu ya kile alichokijua, na wasomaji waliomtambua kwa jina. Alilipa pia: nyumba yake mpya haikuwa tena Mombasa. Ngũgĩ wa Thiong'o alilipa kwa njia yake. Alifunguliwa Desemba 1978 na hakurudishiwa nafasi yake ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Serikali inaweza kufungua mlango wa seli na kuufunga wa ofisi siku hiyo hiyo.

Riwaya ya *Haini* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 2003, imeandikwa na mtu aliyewekwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Rais Karume Aprili 1972. Sehemu kubwa ya riwaya imo ndani ya kuta, na uwezo wake uko hapo: njaa, mateso, hofu ya kutajwa na rafiki. Ni ushahidi wa lazima. Lakini kama ilivyo *Colonie belge*, msomaji hutoka akiijua seli kuliko anavyoujua mtaa ambao Hamza atalazimika kuishi tena pamoja na waliomshuku.

*Walenisi* ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, inakwenda mbali zaidi. Mkangi naye aliwahi kuwekwa kizuizini, mwaka 1986. Dzombo, mhusika wake mkuu, anahukumiwa, anatiwa katika chombo cha kumpeleka kifoni, na badala ya kufa anafika Walenisi, nchi ambayo jina lake linajifumbua lenyewe: wale ni sisi. Mtu-Binadamu anampokea na kumwonyesha jinsi nchi hiyo inavyoendeshwa. Hapa, pengine kuliko mahali pengine katika riwaya ya Kiswahili, hukumu inafuatwa na maisha na si na pazia. Aliyehukumiwa anakuwa mgeni, kisha mwanafunzi wa jamii mpya. Ubora wa kitabu uko hapo, na kasoro yake iko hapo pia. Ili kupata jamii inayoweza kumpokea aliyehukumiwa, mtunzi alilazimika kuiweka nje ya dunia.

Katika vitabu vyote hivi kuna jambo linalofanana ambalo halijasemwa vya kutosha. Anayetoka, au anayestahili kutoka, hana hatia. Karama na wajumbe, nafsineni ya *Sauti ya Dhiki*, Hamza, Dzombo: wote wamedhulumiwa. Inaweza kujibiwa kwamba riwaya za upelelezi zimejaa wenye hatia. Ni kweli, lakini riwaya hizo kwa kawaida humalizika mhalifu anapokamatwa au kuuawa. Hivyo fasihi imegawana kazi: asiye na hatia amepewa mateso na utukufu, mwenye hatia amepewa pingu na nukta. Yule aliyeiba, akafungwa, akajuta au hakujuta, akatoka, na sasa anaishi mtaa wa pili, hana kitabu.

6. Kazi isiyouliza jina

Ni hapa ambapo Shinkolobwe inarudi katika mjadala. Mgodi ulifungwa wakati wa uhuru wa mwaka 1960, na mashimo yake yakazibwa. Lakini shirika la madini la serikali, Gécamines, lilipoporomoka katika miaka ya 1990, watu walirudi kwa sururu na makoleo kuchimba kwa mikono, safari hii wakitafuta hasa kobalti katika ardhi yenye mionzi ya urani. Kijiji kikakua. Mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo. Katikati ya mwaka huo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu, na kijiji kikabomolewa.

Mgodi wa namna hii una sifa moja inayomhusu moja kwa moja mtu aliyefunguliwa. Haudai cheti cha tabia njema. Haumwulizi mtu alikuwa wapi miaka mitano iliyopita. Anayeweza kushuka, anashuka. Anayepanda na gunia, analipwa. Kwa mtu ambaye milango mingine imefungwa kwa sababu ya jina lake, ukimya huo ni rehema kubwa. Lakini rehema hiyo ina upande wa pili. Kazi isiyouliza jina hairudishi jina. Mchimbaji akifukiwa, haijulikani ni nani aliyefukiwa. Mgodi ukifungwa, hakuna daftari la waliokuwa wakifanya kazi humo wala anayedaiwa kuwatafutia nyingine. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa waliochimba urani ya vita: dunia inajua jina la mji ulioangukiwa na bomu na majina ya wanasayansi, lakini haikujifunza majina ya waliobeba mawe.

Tofauti na biashara ya bia ya Léopoldville ni dhahiri. Kazi ya Lumumba haikuwa ya heshima kubwa, lakini ilimfanya ajulikane. Kazi ya Abdilatif Abdalla katika taasisi ilimhitaji kwa ujuzi wake wa lugha. Zote mbili zilimweka mtu mbele ya watu wanaoweza kumwita. Shinkolobwe ya wachimbaji wadogo ilitoa chakula, na chakula si jambo dogo, haikutoa wito.

Kwa mantiki hii yale mambo matatu yaliyokuwa yakijitokeza kwa mafungu yanaweza kuwekwa pamoja. Mtu aliyefunguliwa huanza kuishi tena anapokuwa na kazi, jina na msikilizaji. Sebule ya Katanga yenye picha ilimpa msikilizaji. Mgodi ulimpa kazi. Kitabu kilimpa jina. Ni mara chache ambapo vitatu vimekutana kwa mtu mmoja, na vilipokutana, kama kwa mtunzi wa "N'sharudi", vilikutana mbali na kwao.

7. Hitimisho

Uhakiki wa fasihi ya gereza katika Kiswahili umekuwa na bidii ya kupima ujasiri. Umeuliza mtunzi alivumilia nini na alisema nini dhidi ya nani. Maswali hayo hayana budi kuendelea kuulizwa maadamu magereza ya kisiasa yapo. Lakini yakiulizwa peke yake, yanamgeuza mfungwa kuwa hoja, na hoja haihitaji chumba cha kulala wala mtu wa kumwamkia asubuhi.

Inafaa sasa maandishi yasomwe pia kwa swali jingine: nani anamngoja anayetoka, na anamngoja na nini? Swali hilo likiulizwa, "N'sharudi" inakuwa shairi la msingi na si kiambatisho. Mwisho wa *Kusadikika* unakuwa tatizo na si faraja. *Walenisi* inakuwa lawama kwa jamii ambayo haikuweza kuwa Walenisi. Vilevile yanafunguka maandishi ambayo hayajaandikwa: hadithi ya karani wa posta mwaka 1957, akiwa na kreti za bia katika mji asioujua, hadithi ya mtu aliyetoka Buluo kwa kosa alilolitenda kweli, akapita njia ya Shinkolobwe, akaona mashimo yamezibwa, akaendelea kutembea.

Kabla ya hadithi hizo kuandikwa, huenda lugha yenyewe ikapaswa kutangulia. Pwani ilipowafungua watumwa ilipata neno la kuwaita, na neno hilo liliwapa mahali pa kusimama wakati mengine yote yalikuwa hayajapatikana. Aliyefunguliwa kutoka gerezani bado anaitwa kwa mlango alioutoka. Watunzi wa Katanga na wa pwani, ambao wameieleza fimbo kwa ufasaha mkubwa, wanadaiwa jina la mtu anayeinuka baada ya fimbo kushushwa, akavaa nguo zake mwenyewe, na kwenda zake nyumbani.